Safari ya skii ya wanafunzi: mwongozo kamili wa kupata marafiki wapya ukiwa masomoni Uingereza

Kila muhula wa kwanza, vyuo vikuu vya Uingereza hujaa matangazo ya safari ya skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji: wiki moja kwenye milima ya Alps, Ufaransa, iwe Val Thorens, Tignes au Alpe d'Huez, na basi, malazi na pasi ya lifti za kupandia mlima vyote viko ndani ya bei moja. Wanafunzi wengi kutoka kwetu hulipita tangazo hilo bila kulisoma lote. Mchezo wa Wazungu, hela nyingi, baridi, na wanaokwenda wote tayari wanajuana. Kwenye hela nakubali: si safari ya bei nafuu, na kama ada bado inakukaba, iache. Lakini kama unaweza kuimudu, na umechoka kula chakula cha jioni peke yako chumbani, basi nisikilize, kwa sababu sijui shughuli nyingine ya chuoni inayokupa watu kwa haraka namna hii.

Sababu yake ni muda. Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alitoa makadirio ya saa ambazo watu huzitumia pamoja kabla ya kuwa marafiki: kama saa 50 ili mnayefahamiana tu awe rafiki wa kawaida, kama 90 awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 awe rafiki wa karibu. Ukikaa jirani na mtu kwenye mhadhara mara mbili kwa wiki, kimya, muhula utaisha hujui hata anatoka mji gani. Kwenye safari ya skii, basi peke yake huchukua karibu siku nzima kutoka miji mingi ya Uingereza. Kisha mnakaa siku sita mlimani, mnapika jiko moja, mnalala nyumba moja, mnarudi basi lilelile.

Ila saa hizo ni lazima uzitumie na watu walewale. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanadhani marafiki hupatikana kwenye sherehe za usiku, wanasalimiana na watu sitini, na wakirudi hawana hata mmoja wa kumpigia simu. Mipango yote hapa chini imejengwa juu ya jambo hilo: jiweke mahali ambapo utakutana na watu wachache, mara nyingi, mkiwa na shida moja.

Anza na viza, na uanze mapema

Viza yako ya mwanafunzi ya Uingereza haikuingizi Ufaransa. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo, na waandaaji wa safari, ambao wengi wao hawajawahi kuomba viza maishani, mara nyingi hawakumbuki kukuambia. Usilipe amana isiyorudishwa kabla hujajua utapata miadi lini.

Ukiwa Uingereza, viza ya Ufaransa huombwa kupitia TLScontact, kampuni inayopokea maombi, yenye vituo London, Manchester na Edinburgh. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na kituo kina malipo yake juu ya hapo. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida huchukua siku 15 tangu ombi lipokelewe, lakini kinachowaangusha watu ni kukosa miadi, hasa Krismasi inapokaribia. Andaa bima ya safari isiyopungua euro 30,000 kwa matibabu, barua ya chuo, taarifa za benki, na uthibitisho wa malazi kutoka kwa waandaaji. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Ulaya. Hakikisha pia kwamba pasipoti hiyohiyo ndiyo iliyounganishwa na eVisa yako ya Uingereza, yaani viza yako ya mtandaoni, usije ukakwama wakati wa kurudi.

Anayesoma Ujerumani, Poland au Ufini yuko huru zaidi. Kibali chake cha ukaazi kinamruhusu kuingia nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya siku 180.

Sasa, viza hiyo inayokuchosha inaweza kukupa rafiki wa kwanza kabla hata hujaiona theluji. Wanafunzi wa India, Nigeria, China na Ufilipino wako kwenye foleni hiyohiyo. Andika kwenye kundi la WhatsApp la safari: "Nani mwingine anahitaji viza ya Schengen? Tupeane taarifa za miadi, na tukipata siku moja twende pamoja." Ujumbe huo hujibiwa, kwa kuwa unagusa shida ya kweli. Watakaojibu ndio watu wa kuanza nao.

Chumba: uamuzi mkubwa kuliko unavyoonekana

Malazi ya safari hizi kwa kawaida ni fleti ndogo za watu wanne, sita au wanane, na majina hupangwa wiki kadhaa kabla. Ukiachia jina lako likae hivihivi, utatupwa palipobaki nafasi, pengine na watu watano wanaojuana tangu sekondari. Mwandikie mwandaaji mapema, kwa upole na kwa uwazi: unakuja peke yako, ni mara yako ya kwanza kwenye skii, na ungependa kuwekwa na wengine wanaoanza au waliokuja peke yao. Kama hunywi pombe au unataka kulala usiku, liseme hapohapo. Waandaaji wengi wanafurahi kuambiwa, maana kazi yao inakuwa rahisi.

Vipi kuhusu kwenda na wenzako wa nyumbani? Msimamo wangu ni huu: mmoja anatosha. Mkienda Watanzania watano mtapewa fleti yenu, mtasonga ugali wenu, mtacheka sana, na mtarudi mkiwa watano walewale. Hakuna ubaya, ila hiyo ni likizo ya kawaida. Mwenzako mmoja atakupa mtu wa kuongea naye Kiswahili ukichoka, na bado mlango wenu utabaki wazi.

Azima, usinunue

Mavazi ndiyo yanayotisha mfuko. Skii zenyewe, zile mbao ndefu za kutelezea, pamoja na buti na helmeti hukodishwa kulekule mlimani. Unachohitaji kwenda nacho ni koti na suruali visivyopitisha maji, glavu nzuri, miwani ya theluji, na nguo za ndani za sufu au za michezo. Pamba haifai: ikilowa jasho haikauki, na hapo ndipo baridi inapokuingia. Soksi ziwe ndefu na nyembamba, jozi moja tu kwa wakati. Ukivaa jozi mbili mguu utabanwa, damu haitapita vizuri, na utaganda zaidi.

Kabla ya kwenda Decathlon, duka la vifaa vya michezo, uliza darasani na kwenye jumba lenu la malazi. Nchini Uingereza makabati yamejaa masuruali ya theluji yaliyovaliwa mara moja. Kuazima kuna faida ya pili: aliyekupa koti lake atakuuliza safari ilikuwaje, na ukilirudisha, limefuliwa na lina pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro au ya Mbinga mfukoni, umeanzisha kitu.

Kwa dada zetu, neno moja kuhusu nywele. Misuko minene na mafundo ya juu havikai chini ya helmeti. Suka mistari ya chini, na uende na kitambaa chembamba cha satini. Na nyote, weusi kwa weupe, pakeni mafuta ya kukinga jua na ya midomo. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya jua inayounguza, na mionzi yenyewe huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kijiji cha Val Thorens kiko mita 2,300, juu kuliko geti la Marangu, wanapoanzia wapanda Kilimanjaro.

Kama kuna ukumbi wa theluji ya ndani karibu nawe, kama Chill Factore kule Manchester au The Snow Centre kule Hemel Hempstead, chukua somo moja kabla ya safari. Klabu nyingi hupanga siku ya pamoja huko. Utafika Alps ukijua kuvaa buti na ukijua sura nne tano.

Ndani ya basi

Kaa katikati ya basi, pembeni mwa njia. Mbele wapo waliolala, nyuma zipo kelele. Beba chakula cha kugawana: kashata, karanga, visheti, chochote kinachoweza kupita mkono kwa mkono. Mtu aliyepokea kitu chako ameshakujibu kabla hujamsemesha. Acha vipokea sauti mfukoni kwa saa mbili za kwanza, kwa sababu ndizo zinazoamua nani ataongea na nani. Baada ya hapo lala bila wasiwasi.

Pasipoti na karatasi zako ziwe kwenye begi la mkononi. Mkipitia Dover, polisi wa Ufaransa wanakagua hukohuko upande wa Uingereza, na begi lililoko buti la basi halitakusaidia. Unaweza kuulizwa maswali ambayo wenzako hawaulizwi. Jibu kwa utulivu, na mwambie kiongozi wa basi mapema kwamba una viza ya kuonyesha, asije akaondoka akidhani wote mmeshapita.

Darasa la wanaoanza

Hapa ndipo pa kuwekeza hela yako. Mafunzo mara nyingi hayamo kwenye bei, na mtu atakuambia, "Usilipe, nitakufundisha mwenyewe." Mshukuru, kisha lipa. Atakuonyesha kwa dakika ishirini, halafu macho yake yataanza kutazama kilele. Darasa la kikundi, kwa mfano la École du Ski Français, ambao walimu wao utawajua kwa makoti mekundu, hukuweka na watu walewale kila siku, nusu siku kwa nusu siku, wote mkiwa hamjui kitu. Hakuna mahali pengine chuoni ambapo Mwingereza, Mhindi na Mtanzania huanza kwenye mstari mmoja kwa usawa kiasi hicho.

Siku ya kwanza hamtafika mbali. Utavalishwa buti la plastiki gumu linalobana muundi, na utatembea kwa kutanguliza kisigino. Unapokodi, sema uzito wako wa kweli, hata kama kuna watu nyuma yako, kwa sababu fundi anautumia kurekebisha kishikio kinachoachia buti unapoanguka. Kikikazwa kupita kiasi hakitaachia, na goti litalipa. Mwalimu atawafundisha kupanda mteremko kwa ubavu, kisha kushuka mita chache mkiwa mmekutanisha ncha za skii kwa umbo la kipande cha pizza, ambalo ndilo breki yenu ya mwanzo.

Utaanguka, na kuinuka ndiko kugumu zaidi. Geuza skii zote mbili zikate mteremko, ziwe upande wa chini wa mwili wako, kusanya miguu, kisha jisukume kwa mkono. Ukiziacha zikitazama bonde, zitaondoka na wewe kabla hujasimama. Fimbo yako moja ya skii itakuwa imebaki mita kumi juu, na kuna mtu atainama, aiokote, aje nayo polepole huku mwenyewe akiyumba. Muulize jina lake hapohapo. Kesho yake asubuhi mwite kwa jina lake mbele ya wote. Na wewe uwe mtu wa kuokota fimbo za wenzako. Katika wiki nzima ya safari sijaona kitu kinachounganisha watu kuliko hicho.

Lifti ya kisahani, ile inayokuvuta kutoka chini, usiikalie. Kisahani kipite katikati ya mapaja na ukiache kikuvute ukiwa umesimama. Ukianguka, kiachie na utoke njiani haraka, kuna mtu nyuma.

Lifti ya viti ni zawadi. Mnakaa wanne au sita, simu ziko mfukoni kwa sababu glavu haziruhusu, na mna dakika kadhaa hewani bila pa kwenda. Uliza maswali ya jambo lililo mbele yenu: "Leo kona ya kulia imekukubali?" "Nani aliyekushawishi uje?" Usianze na kozi na matokeo. Penye foleni ya mtu mmoja mmoja, tumia hiyo ukiwa peke yako, maana inakupandisha haraka na inakukalisha na usiowajua.

Wanaojua watakuita kwenye njia zao. Ufaransa rangi za njia zinakwenda hivi: kijani ni rahisi kabisa, kisha bluu, nyekundu, na nyeusi ambayo ni kali. Wakikuita kwenye nyekundu siku ya tatu, kataa kwa tabasamu na mpange mkutane kwa chakula cha mchana. Kumfuata rafiki mahali usipoweza kushuka humharibia siku yeye na inaweza kukuvunja wewe. Kanuni ya mlimani ni moja ya kushika kuliko zote: aliye mbele yako, chini yako, ndiye mwenye haki ya njia. Ukisimama, simama pembeni.

Maswali watakayokuuliza

"Umewahi kuona theluji?" Utaulizwa hili mara nyingi. Mara nyingine ni udadisi, mara nyingine ni ujinga, na huna deni la kumfundisha kila mtu. Lakini ukiwa na nguvu, una majibu mazuri. Una Kilimanjaro, mita 5,895, na barafu yake. Una Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliyeiwakilisha Kenya kwenye skii za mteremko katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018. Na una Philip Boit, mwanariadha wa Kenya aliyejifunza skii ukubwani na kushindana mbio za skii za kilomita 10 katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Boit alimaliza wa mwisho. Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda, alikataa kuondoka mpaka Boit afike, akamkumbatia kwenye mstari, na sherehe ya medali ikasubiri. Boit alirudi Kenya na kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Simulia hicho kisa juu ya lifti uone.

Jioni: jiko lina watu wako

Ratiba ya jioni itakuwa na baa kila siku. Nenda siku ya kwanza, hata kwa saa moja, watu wakuone. Siku nyingine chagua. Usiyekunywa huna haja ya kujieleza: shika chokoleti ya moto, cheza muziki ukitaka, ondoka ukichoka. Usiku, hakuna mtu kurudi peke yake. Vijana wamewahi kufa kwa baridi katika Alps wakitembea kurudi malazini baada ya pombe. Ukimwona mwenzio ameyumba, mshike mkono mpaka mlangoni. Namba ya dharura Ulaya nzima ni 112.

Kwa Waislamu na wote wasiokula nguruwe: vyakula vya milimani huficha vitu. Tartiflette, ile ya viazi na jibini, huwekwa vipande vya nguruwe. Raclette huletwa na nyama zilizokaushwa, nyingi za nguruwe. Fondue ya jibini hupikwa na divai nyeupe. Uliza kabla, na kama kuna chakula cha pamoja kilicholipiwa, mwandikie mwandaaji wiki mbili kabla. Desemba jua huzama karibu saa kumi na moja jioni, kwa hiyo Magharibi itakukuta umesharudi. Adhuhuri na Alasiri ndizo za kupangia, na ukiwaambia wenzako siku ya kwanza, watakusubiri bila maneno.

Kisha pika. Fleti hizi zina majiko mawili ya umeme na sufuria chache, lakini zinatosha. Nenda na bizari ya pilau, iliki na tangawizi kwenye begi, maana maduka ya mlimani ni ghali na hayana. Unga wa kawaida wa Ufaransa, ulioandikwa T55, unatoa chapati nzuri. Usiwapikie wote ukiwa peke yako kama mwenyeji anayehudumia wageni. Mpe mmoja kusukuma, mwingine kugeuza, chapati zitoke ramani ya Afrika, sawa tu. Chupa ya divai inafaa kusukumia kama huna mti wa chapati. Usiku wa aina hiyo, wa pili au wa tatu, huwageuza watu wa fleti moja kuwa kundi.

Kwenye pasi yako ya lifti ongeza bima ya uokoaji, ile ya Ufaransa inayoitwa Carré Neige, kwa euro chache kwa siku, kama bima yako haisemi wazi kwamba inagharamia skii. Kushushwa mlimani kwa machela au helikopta hulipiwa.

Mkisharudi

Kundi la WhatsApp la safari litachangamka kwa wiki mbili, kisha litanyamaza. Usilitegemee. Chagua watu watatu, wale wa darasa na wa fleti, na ndani ya siku chache mtumie kila mmoja picha aliyomo yeye, kwake binafsi, na mstari mmoja kuhusu siku hiyo. Kisha alika, na utaje siku. "Tuonane siku moja" haimfikishi mtu popote. "Alhamisi saa moja jioni napika pilau, chumba changu ni jengo la pili, njoo na kinywaji chako" ina jibu la ndiyo au hapana. Akisema hapana kwa sababu ya mtihani, taja Alhamisi inayofuata.